Dirisha la Juu la Blandine

Simu ilimfukuza mdogo wangu kwenye mtihani wa kazi, na mdogo wangu hakuwa ameinuka hata kwenye kiti.

Sijatunga. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa ukumbi, hapa hapa Kolwezi, nikaona yote.

Naitwa Chancelle, natengeneza app za simu. Mdogo wangu ni Blandine, kiziwi tangu utotoni.

Kuna maabara mjini inayopima mawe ya shaba na kobalti, mengi yanaletwa kutoka mgodi wa Mutoshi. Walitafuta watu wa kusaga sampuli. Blandine alikuwa ameisomea kazi hiyo mwaka mzima, na aliitaka kweli kweli. Alichoka kuambiwa akae nyumbani, tutamtunza.

Mtihani wao uko hivi. Mkuu wa maabara, mzee tunayemwita Tata Mukalay, anasoma swali kwa sauti. Kila mtu anachagua jibu kwenye simu yake, ndani ya app ya maabara. Swali lenyewe haliandikwi, eti lisivuje. App iliandikwa na jamaa mmoja wa Lubumbashi, akaondoka, mimi nikapewa kuitunza.

Sasa mtu asiyesikia afanyeje?

Blandine aligawa skrini. Chini, mtihani. Juu, video ya Mama Yolande, mkalimani wetu wa kanisani, aliyehamia mbali, Kisenge, na mumewe. Mama Yolande anasikia swali kupitia simu, analigeuza kuwa ishara za mikono. Tata Mukalay alikubali mapema.

Swali la kwanza tu, video ikaganda. Blandine akaigusa ili iamke.

Skrini ya chini ikawa nyekundu. UMETOKA. MTIHANI UMEFUNGWA.

Ametoka kwenda wapi?

Alinigeukia. Mikono yake ikauliza, "Nimefanya nini?" Niliumia, halafu nikakasirika, na hasira ndiyo iliyobaki.

Nikamfuata Tata Mukalay pale mbele.

"Tata, app yenu iko na kosa. Mumupatie nafasi ingine, mi nitaitengeneza."

"Haina kosa. Mutu akigusa kwingine, iko natafuta majibu. Ile ni fraude, kuiba mutihani."

"Iko natafuta mukalimani wake. Weye mwenyewe ulikubali."

Watu walikuwa wanatuangalia. Akakuna shingo.

"Bon. Samedi bote batarudia, na maswali mapya. Basiseme napendelea."

Nyumbani nikafungua code, maandishi yanayoiendesha app. Jamani, kosa lilikuwa la ovyo.

Kwenye simu kama ya Blandine, ukigusa dirisha moja la skrini iliyogawanywa, lile jingine linaambiwa lisubiri kidogo. Bado liko pale, mtu bado analiona. Yule jamaa wa Lubumbashi aliandika kwamba kusubiri maana yake mtu ameondoka. Nikafuta huo upuuzi. Nikaandika kwamba mtihani ufungwe pale tu dirisha lake linapopotea kabisa kwenye skrini. Nikapanga vitufe vya majibu visifichwe skrini ikiwa nusu, na majibu yasifutike mtu akivuta mstari unaogawa skrini.

Nikamwandikia Tata Mukalay kila nilichobadilisha.

Jumamosi ikafika. Video ikaganda tena, mtandao wa Kisenge si wa kutegemea. Blandine akaigusa, mtihani ukabaki wazi, akaendelea.

Matokeo yakasomwa. Blandine wa kwanza.

Nilitaka kupiga vigelegele. Tata Mukalay akainua mkono.

"Ule wa kwanza namufuta. Ule mama wa mu simu njo alimupatia majibu."

Blandine alikuwa anasoma uso wangu, na mimi ndiye niliyepaswa kumwambia. Sikumwambia. Nilichukua simu yake, nikaenda nayo mbele, Mama Yolande bado akiwa hewani.

"Tata, kama huyu mama njo anajua majibu, basi mumuulize yeye. Sasa hivi, mbele ya watu bote."

"Tuko ku mutihani, hatuko ku mchezo."

"Unaogopa nini?"

Nilijua nimevuka mpaka. Sikujali. Vijana wa nyuma wakaanza kusema amuulize, amuulize.

Akaivuta karatasi yake kwa hasira. "Mama, kabla ya kuingiza sampuli ingine, mashine ya kusaga inasafishwa na nini?"

Mama Yolande akafikiri, mkono shavuni.

"Na maji ya moto, tata. Na sabuni."

Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Ukitia maji na sabuni mle, sampuli imekufa. Wanapuliza hewa, halafu wanasaga mchanga safi ndipo walete jiwe jingine. Akaulizwa la pili, akakosa. La tatu akamwambia Tata Mukalay asijisumbue.

"Mi najua mikono tu, tata. Mambo ya mawe mi sijue kitu."

Tata Mukalay akaikunja karatasi yake. Akasema bila kunitazama, "Aanze lundi. Lakini weye, ile mambo ya madirisha mbili utaifunga."

"Siifungi."

"Nitatafuta mwingine."

"Tafuta. Na yeye mwambie ukweli kwa nini unataka ifungwe."

Nikatoka na Blandine. Nje ndipo nilipomwambia yote, na kwamba anaanza Jumatatu, akanipiga begani kwa kutomwambia mapema, kisha akacheka mpaka akalia.

Juzi nilimpelekea chakula kazini. Chumba cha kusagia kina kelele mpaka mawazo yako huyasikii, wote wamefunika masikio. Pale hakuna anayesikia kitu. Kumbe kila mtu mle ndani sasa anaongea kwa mikono, na aliyewafundisha ni Blandine.

Tata Mukalay alikuwa amesimama mbele yake, anajaribu kumuuliza kitu kwa vidole. Alikuwa anakosea. Blandine akamshika kidole kimoja, akakinyoosha, akamwambia arudie. Akarudia.

Huyo mwingine wa kutunza app hajawahi kutafutwa, na madirisha mawili yako wazi mpaka leo.

Wewe unayetengeneza app, nisikilize. Mtu akigusa upande mwingine hajaondoka, yuko hapo anakuona. Usimfungie. Ukimfungia, na funguo zikiangukia mkononi mwangu, nitamfungulia, na nitakuandikia ujue ni mimi.