Chumba cha Wateja wa Heshima

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa karani katika benki moja mjini Kakamega. Makao makuu yaliamua kwamba wataalamu wa kigeni hawafai kusukumana kwenye foleni na wakulima wa miwa. Tukaletewa zulia, sofa mbili na birika la umeme, na stoo yetu ya karatasi ikageuzwa chumba cha wateja wa heshima. Kwa kuwa Kiingereza changu kilisifiwa, nikateuliwa kuwahudumia.

Walikuwa watano tu, na kila mmoja alikatwa ada ya mwezi. Aliyekiamini zaidi chumba hicho alikuwa mhandisi kutoka Morisi, aliyeletwa kutengeneza mitambo ya kiwanda cha sukari. Kasoro ilikuwa moja: chumbani hamkuwa na pesa. Meneja hakutaka kuajiri keshia wa pili, kwa hiyo nilichukua hundi ya mteja na kuipeleka kaunta ya kawaida. Mwanzoni nilipitia nyuma. Wakulima wakanung'unika, na meneja, aliyeogopa kelele kuliko wezi, akaniamuru nipange foleni kama watu wengine.

Siku moja ya malipo ya miwa, mhandisi alifika saa nne asubuhi. Mkewe alikuwa anatua Kisumu saa nane, naye mhandisi hakuwa na hata nauli ya kwenda kumpokea. Nikammiminia chai, nikachukua hundi yake, nikaenda kusimama mkiani mwa foleni, nje kabisa ya mlango.

Mbele yangu alikuwa mama mmoja mkulima kutoka Butali. Aliniuliza kwa nini mfanyakazi wa benki anapanga foleni katika benki yake mwenyewe. Nikamweleza habari ya chumba. Akafikiri kidogo.

"Kwa hivyo huyo mgeni analipa ili wewe usimame?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe unalipwa kusimama?"

"Ndiyo."

"Basi ni mimi peke yangu ninasimamanga bure."

Saa sita mhandisi alitoka. Alikuwa amekunywa vikombe vinne na alitafuta choo, ambacho kilikuwa cha wafanyakazi pekee. Heshima yake haikufika huko. Alipotoka kwenye hoteli ya jirani alikokwenda kujisaidia, akaja kusimama kando yangu. Akaniuliza kwa upole kama kwa maoni yangu huduma ile ilistahili ada anayokatwa. Meneja alikuwa akitutazama kupitia kioo, na mama yangu mzazi alikuwa akila kwa mshahara wangu.

"Chai yetu ni nzuri," nikamjibu.

Akatazama saa yake, kisha urefu wa foleni.

Yule mama akataka kujua tulichozungumza. Nikamwambia kuhusu ndege na mke. Akawageukia waliokuwa mbele, akawaeleza kwa Kiluhya kwamba kuna mwanamke wa watu atashuka Kisumu asimkute mtu wa kumpokea. Wakasogea mmoja baada ya mwingine, wengine wakilalamika, na mhandisi akafika kaunta. Dakika tano baadaye alikuwa barabarani na pesa zake. Hakujaza fomu yoyote ya ziada.

Wiki iliyofuata alikuja kujitoa kwenye huduma maalumu. Fomu ilitaka sababu, naye akanitajia niandike: "Nimehudumiwa vizuri zaidi kwenye foleni." Meneja aliisoma mara mbili, kisha akaniagiza niandike upya kwamba mteja amehama nchi. Mteja huyo aliyehama aliendelea kuja kila mwisho wa mwezi, akisalimia foleni nzima "Mulembe", na watu wakimwitikia.

Wenzake wanne walipopata habari, nao wakajitoa. Meneja akaanza kupumzika kwenye sofa baada ya chakula cha mchana, na mimi nikarudishwa kwenye meza yangu ya ukarani. Nilificha furaha yangu mpaka nilipofika nyumbani Shieywe. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama mshahara umepunguzwa. Nilipomwambia la, akasema basi hakuna lililoharibika, nikasonge ugali.