Kiraka cha Kiti kwenye Bidoni

Nilibandika kipande cha kiti cha plastiki kwenye bidoni ya jirani yangu, dumu lake la maji, nikamwambia itadumu kuliko yeye. Bidoni ilikuwa ya njano, kiti kilichovunjika nacho cha njano. Kwa akili yangu ya sekondari, njano na njano ni ndugu. Nikapasha kisu, nikayeyusha, nikabonyeza. Siku ya tatu kiraka kilibanduka chote, yeye akitoka bombani na maji kichwani.

Alisimama mlangoni kwangu amelowa hadi kiunoni.

"Fundi," akasema, na jina hilo halijawahi kuniuma vile. "Niko na bidoni moja tu. Unga ya mandazi nitaikanda na mate yako?"

Nikamwazima ndoo yangu. Mimi, ambaye safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi kigoda cha mlangoni, kesho yake nikapanda minibasi kwenda Lilongwe. Tuseme ukweli: nilimkimbia.

Mtoto wa dada yangu anasoma kemia huko, amepanga chumba mtaa wa Area 36. Alitakiwa kueleza darasani jinsi wataalamu wanavyochunguza plastiki kwa njia mbili pamoja, kwa mashine ambazo hata yeye amezisoma tu. Alitaka ajaribu kwangu kwanza.

"Mjomba, ukielewa we, hakuna mwenye atakosa."

Nilidhani ni sifa. Nilishtuka nikiwa kwenye minibasi ya kurudi.

Akaweka sahani ya tambi mbele yangu. Plastiki, akasema, ni nyuzi ndefu kama hizi. Ukiipiga kwa nyutroni, chembe ndogo zitokazo ndani ya atomu, zinatawanyika, na kutawanyika kwake kunakuonyesha nyuzi zimelalaje: zimenyooka au zimejikunja. Ukiimulika kwa infraredi, mwanga usioonekana, kila kiungo cha uzi kinatikisika kwa namna yake, ukajua uzi umeundwa na nini.

"Sasa si bapime moja leo, ingine kesho?" nikauliza, nikijiona profesa.

"Tambi ya moto na tambi ya baridi inalala sawa, mjomba? Plastiki inabadilika. Kipande kimoja, saa ileile, njia zote mbili. Njo vile unaijua."

Nikairudisha tambi sahanini. Mimi bidoni ya watu niliipima kwa njia moja, tena ya rangi!

Nilirudi kwetu kambini Dzaleka nimefunga virago vya elimu. Nikachoma kijipande cha kiti: kikanuka kama mafuta ya gari. Nikachoma kijipande cha bidoni: mshumaa. Nikakwaruza kwa kucha: bidoni ikaacha alama, kiti kikanicheka. Basi nikakata kiraka kutoka kwenye bidoni nyingine iliyokufa, kilichonuka mshumaa na kukubali kucha, nikayeyusha upya.

Jirani aliijaza maji pomoni, akaiweka juu ya gunia kavu, akakaa kuitazama kama mgonjwa. Mimi, kwa hofu ya gunia, nikamsimulia yote: nyutroni, infraredi, tambi, pua yangu na kucha yangu. Akaingiza mkono chini ya bidoni. Gunia lilikuwa kavu. Akajitwika, akanitazama juu hadi chini.

"Pua uko nayo, kucha uko nayo. Sasa Lilongwe ulienda kufanya nini?"