Vifuko vya Harufu Kwenye Misonobari

Wakati wa vita, mbawakawa walikuwa wanamaliza misonobari ya mzee mmoja juu ya kijiji cha Nyabiondo. Walitoboa gome, wakazaa humo, na mti ukakauka ukiwa umesimama. Mimi nilikuwa agronomu, mtaalamu wa kilimo, kijana wa kike mwenye ulimi mkali, nikamletea vifuko vidogo vyenye harufu ya mbawakawa wenyewe. Harufu hiyo humwita adui yao, mdudu mwenye kifua chekundu anayewawinda na kuwala. Tulivifunga kwa kamba kwenye miti, kimoja kimoja, mlima mzima.

Kwetu Masisi, kitu kikifungwa kwa kamba kwenye mti wa mtu, hakuna anayeuliza. Ni dawa ya kunasa wezi: anayeiba hapo huugua mpaka aliyeifunga amfungue. Waliozoea kukata kuni pale wakaacha hata kupita. Mzee alicheka, akaniomba nisiwaeleze kitu. Mimi nisiyevumilia uongo nilikubali, kwa sababu ulitufaa. Njia ya mwongo ni fupi, na methali hiyo niliijua tangu shule ya msingi.

Wiki ya tatu, wapiganaji waliokuwa jirani walikata msonobari mmoja. Aliyeshika panga akalala na homa. Asubuhi moja, mimi nikiwepo, wenzake walimtoa mzee shambani, wakamkalisha chini, mikono imefungwa nyuma.

— Ni nani alifunga dawa ku miti? aliuliza kamanda wao.

Nilimweleza yote: mdudu, harufu, adui wa mdudu. Alinisikiliza hadi mwisho, na hilo ndilo lililonitisha.

— Mama agronomu, harufu inaweza kulalisha muntu siku tatu? Mutoto yangu akikufa, huyu muzee anamufuata.

— Ni mimi njo nilifunga, kamanda, mzee alisema. Munipeleke, nitamufungula.

Nilimkasirikia kwa kuusema uongo ule, kisha nikajikasirikia mimi niliyeulea. Niliwafuata hadi kambini. Mgonjwa alitetemeka, meno yakigongana, na macho yake yalikuwa ya njano. Malaria hiyo ningeitambua nikiwa mlangoni. Vidonge nilikuwa navyo mkobani, lakini wapiganaji wale walikatazwa dawa za hospitali. Waliamini zinavunja kinga yao dhidi ya risasi.

Nilisaga vidonge nyuma ya nyumba, nikavikoroga kwenye maji. Mzee, ambaye sasa kamba ilikuwa mguuni tu, alimwosha mgonjwa uso, akanong'ona maneno ya Kihunde, akamnywesha. Asubuhi na jioni, siku tatu, mlinzi akiwa amesimama juu yetu. Kila mgonjwa alipotapika, nilisaga tena.

Siku ya tatu aliomba maharage. Kamanda akamfungua mzee kamba.

— Sasa mutoe ile dawa yote ku miti, muichome. Leo.

Hatukuweza kukataa. Dawa ya kunasa wezi huisha kwa moto, kila mtu anajua, na wapiganaji wawili walitusindikiza kuhakikisha.

Kwenye mti wa kwanza, kando ya kifuko, nilikuta wadudu watatu wenye vifua vyekundu. Walikuwa wa kwanza kuonekana mlimani. Mmoja alikuwa anamtafuna mbawakawa.

— Papa, wamefika, nilimwambia mzee kwa sauti ya chini.

— Toa tu, mutoto yangu.

Nilivitoa vifuko vyote kwa mikono yangu, nikilia kwa hasira mbele ya wenye bunduki. Mvua zilizofuata, mzee alikata misonobari yake yote, iliyokauka ikiwa imesimama, kuwa kuni.