Gari Lililomkanda Mama Mkwe

Jumamosi, mwezi wa kumi. Alfajiri manyunyu kidogo, hata vumbi halikulala vizuri, na kuanzia saa tatu jua kali la kuanikia korosho.

Leo nimeaibika. Naandika haraka kabla sijaanza kujitetea, maana najijua, nikilala nikiamka nitakuwa nimeshapata mtu wa kumlaumu, na mtu mwenyewe atakuwa shemeji yangu Shabani, ndugu wa mke wangu, au gari lake, na ingawa gari lake nalidharau kwa moyo wote (nitaeleza kwa nini), si haki kulibebesha na makosa yangu. Mimi ni wa darasa la saba, kwa hiyo kama mambo ya magari nimeyakosea, anayejua anisahihishe. Mambo ya mkwe siyakosei, hayo nimeyasomea miaka ishirini na mbili ya ndoa.

Leo binti yangu Zuhura ameolewa hapa Mitwero, Lindi, ndoa baada ya sala ya alasiri, na sharti lake lilikuwa moja tu: hatoki chumbani mpaka bibi yake amfunge kanga kwa mkono wake mwenyewe. Bibi huyo ni Bi Somoe, mama mkwe wangu, anaishi Kinjumbi, kule juu kabla ya Kilwa, na kazi ya kumleta ilikuwa yangu. Sasa mimi na Bi Somoe tunaheshimiana kwa namna ya huku kwetu, yaani namsalimia kwa mbali nimeinamisha macho, hajawahi kuniona nikitafuna, na tukikutana kwenye kinjia chembamba mmoja wetu anaingia porini. (Mara nyingi mimi. Mara moja alinitangulia yeye, akaangukia kwenye upupu, na hilo nalo naona liko juu yangu.) Ndiyo maana nilikuwa nimekubaliana na jirani yangu Mfaume anitolee Noah yake, gari la safu tatu za viti, mkwe nyuma kabisa, mimi mbele kabisa, katikati wanakaa wengine na heshima inasafiri salama.

Alhamisi Shabani akapiga simu kutoka Dar. "Shemeji, achana na Noah. Nakuja na chuma mimi na mke wangu, tunawapitia Kinjumbi wewe na mama, tunashuka Lindi kama wafalme."

Ningesema ngoja nifikirie. Lakini nilikuwa nimeshaiona picha: mimi na kanzu yangu nyeupe nateremka polepole mbele ya benchi letu la kahawa, na Mfaume ameshika kikombe hakifiki mdomoni. Nikaenda kumwambia, "Jirani, pumzisha gari lako, tumepata usafiri wa maana." Hilo neno "wa maana" sikuwa na haja nalo kabisa. Ijumaa nikapanda basi kwenda Kinjumbi, nikalala kwa rafiki yangu, na asubuhi ya leo chuma kikafika.

Kampuni iliyolitengeneza siitaji, haijanikosea kitu. Ni wale wanaotengeneza magari ya mashindano, ya watu wawili, yanayonguruma. Siku moja nadhani wakakumbuka kwamba matajiri nao wana mama zao na watoto, wakachukua gari lilelile, wakalivuta kama chapati, wakalitoboa milango miwili zaidi, wakasema haya, hili la familia. Basi mbele linataka kukimbia na nyuma limeinua mgongo kama kuku aliyenyeshewa. Anayetaka mbio si anunue la mbio, na anayetaka kubeba mkwe si anunue la kubeba mkwe? Haki niseme, rangi yake ilikuwa nzuri sana, buluu ya kuiva, na mlango ukifungwa unasema "bup" kwa adabu, haungoji kubamizwa kama milango tuliyoizoea.

Ila limelala chini mno. Kutoka kwa Bi Somoe mpaka lami ni mchanga na mizizi ya mikorosho, na kila mzizi ukilikwaruza tumboni Shabani alishika kichwa kama amechomwa yeye. Tangu mlangoni alituomba tusipande kwanza, tulipunguzie uzito mpaka lami, kwa hiyo mimi, Bi Somoe na Nasra mke wa Shabani (ana mimba ya miezi saba) tukatembea nyuma yake polepole, kimya, kama watu wanaosindikiza jeneza.

"Shabani," Bi Somoe aliuliza tulipofika lami, "ulilinunua likiwa limekaa hivi au lilishuka njiani?"

"Ndivyo yalivyo, mama. Inama kidogo uingie."

"Niiname mpaka wapi, mwanangu? Hili gari au mwanandani wa kaburi?"

Hapo ndipo nilipohesabu viti. Nikahesabu tena. Vinne! Gari refu kama ua wa nyumba lina viti vinne tu, kila kimoja peke yake kama kiti cha kinyozi, na kati ya viwili vya nyuma wamejenga ukuta mfupi wenye kioo na vitufe. Nasra akikaa nyuma anatapika, Shabani ndiye dereva, kwa hiyo nyuma tulibaki mimi na mkwe wangu, bega kwa bega, kuanzia hapo mpaka Lindi.

"Mimi nitasubiri basi," nikasema.

"Basi lipi, shemeji? Wewe ndiye walii, bila wewe nani atamwozesha mtoto? Panda bwana, acha ushamba."

Ni kweli, bibi akichelewa hakuna kanga, mimi nikichelewa hakuna ndoa. Lakini nisijifiche nyuma ya uwalii, kikombe cha Mfaume nacho kilikuwa bado kinaning'inia mbele ya macho yangu. Nikapanda.

Kwenye lami lilikwenda, siwezi kulisingizia. Kimya, kama tumekaa tu na miti ndiyo inayokimbia. Mimi niligeukia dirisha langu mpaka shingo ikaniuma, Bi Somoe akageukia lake. Kwa pembe ya jicho nikaona anafuta jasho kwa ncha ya kanga. Ubaridi wote ulikuwa unawapulizia wa mbele. Nikaona huruma, na kusema naye siwezi, nikaangalia vitufe. Upande wake palikuwa na picha ya kiti na vimistari vitatu vya kupindapinda vinapanda juu. Upepo huo, nikajiambia. Nikabonyeza mara tatu, kwa ukarimu.

Kumbe ni moto. Yaani kuna mtu mzima, mwenye elimu yake, alikaa akafikiria kutia jiko ndani ya kiti. Kilwa hii, mwezi wa kumi! (Labda huko kwao kuna baridi, sijafika, nisiseme sana.) Bi Somoe kwa heshima yake alijisogeza tu huku na huku na jasho likazidi, na mimi kwa ujinga wangu nikaona upepo hautoshi. Chini yake palikuwa na picha nyingine, kiti chenye vidoti mgongoni. Nikajua hayo ni matundu ya kutolea hewa. Nikabonyeza.

Tulikuwa ndiyo tunaingia Nangurukuru, Shabani amepunguza mwendo kwenye tuta na ameshusha vioo anunue maji, na wauzaji wamelizunguka gari wanalishangaa.

"Yallah!" Bi Somoe aliruka. "Shabani, simama! Kuna mtu ananibonyeza mgongo!"

"Mtu gani, mama?"

"Nyuma huku tuko wangapi?"

Sijui alitokaje, maana kuingia kulitaka watu wawili. Nilipoinua macho yuko nje, kanga imeanguka begani, na mama mmoja muuza korosho amemshika mkono. "Kuna nini, bibi?"

"Mkwe wangu!" akasema Bi Somoe. Basi. Hakuongeza neno, na huku kwetu halihitajiki.

"Astaghfirullah! Mkwe?" Muuza korosho alinitazama kuanzia kofia mpaka kandambili. "Na kanzu yote hiyo nyeupe!"

Tungekuwa na Noah asingesimama mtu kututazama. Kwa ajili ya chuma kile nusu ya stendi ilikuwa imeshafika kabla hata ya aibu kuanza. Nikatoka mikono juu kama mwizi wa kuku, na kujitetea siwezi, maana mkwe hasemeshwi uso kwa uso. Nikabaki, "Shabani, mwambie mama si mimi. Shabani, mwambie mama mikono yangu hii hapa."

Nasra ndiye aliyechungulia kile kioo. "Jamani, ni kiti! Kiti chenyewe kinakanda!"

Hakuna aliyeamini. Mpiga debe mmoja mnene akajitolea kuwa shahidi, akajitumbukiza pale pa Bi Somoe, akatulia, akafumba macho. "Wallahi kinakanda! Kinapanda, kinashuka! Halafu chini kuna moto, mnaoka mkate?"

Basi ikawa foleni. Huyu ana kiuno, yule alibeba magunia jana, muuza korosho naye akaweka sinia chini akaingia, akasema haki ya Mungu akipata mume wa namna hii hatamwuliza anatoka wapi. Adhuhuri ikaadhiniwa sisi bado tuko pale.

"Umesikia, mama?" Shabani alisema. "Ni gari."

Bi Somoe alifunga kanga yake upya, taratibu. "Nimesikia. Gari linakanda. Na kidole kilichobonyeza ni cha nani?"

Nikakitazama kidole changu. Alikuwa na haki kabisa, hata sasa nikipima naona ana haki. Nikamwambia Shabani amwambie mama apande peke yake, mtoto anasubiri kanga, mimi nitajua la kufanya. Wakaondoka. Nililolijua la kufanya likawa lori la korosho lililokuwa likielekea kusini, na mbele pamejaa, kwa hiyo nikapanda juu ya magunia.

Sasa sikilizeni dharau nyingine. Karibu na Mchinga barabara inatengenezwa, pana mchepuko wa mawe, na pale tukakikuta chuma cha mashindano kinakwenda kiubavuubavu kama kaa, Shabani kichwa nje, na nyuma yake Nasra na Bi Somoe wanatembea kwa miguu tena. Lori letu bovu likakipita kwa honi. Utingo alikuwa ameshasimuliwa kila kitu, akapiga kelele, "Mzee wa kukanda, mkweo huyo!" Nikalala kifudifudi. Lakini Bi Somoe alikuwa ameshainua macho, akaniona, akaziba mdomo kwa kanga. Sikujua ni hasira au ni nini.

Dereva, Mungu ambariki, alitaka kuniheshimu, akanishusha mbele ya benchi la kahawa hasa. Mfaume alikuwa na kikombe.

"Karibu, baba wa bibi harusi! Hiki ndicho usafiri wa maana?"

"Wa maana uko nyuma, unakuja."

"Nyuma ya lori?" Akanywa funda moja, kikombe kilifika mdomoni bila shida yoyote. "Noah yangu imepumzika vizuri, asante."

Walifika alasiri inaadhiniwa. Bi Somoe alipitiliza chumbani, akamfunga Zuhura kanga, na mimi nikamwozesha binti yangu na kanzu iliyochapwa nyuzi za gunia mgongoni. Ndoa imepita, alhamdulillahi. Baadaye mke wangu akaniita uani. "Mama anasema kuna neno baina yenu, halijaisha." Nikaelewa, huku kwetu aliyemkosea mkwe hulipa kuku. Nikamkamata jogoo wangu mwekundu, yule wa kuniamsha alfajiri, nikamkabidhi bila kuhoji.

Gari nimelisema vibaya, na nikisoma tena sioni pa kufuta. Lakini halikunipigia simu, wala halikumwambia Mfaume apumzike. Siku yoyote nitakayokwenda popote na mkwe wangu tena, itakuwa ni safu tatu, na mikono nitaikalia.

Jioni wageni wamekula pilau, wa nyumbani tumekula wali na jogoo yule kwa tui. Bi Somoe alikula chumbani mlango umefungwa, mimi uani nimeupa ukuta mgongo. Nilikuwa sijamaliza tonge la pili mke wangu akaniletea kisahani kimefunikwa. "Mama amesema hiki ni chako." Nikafunua. Ilikuwa firigisi, kipande cha mwenye heshima, na kule chumbani kuna mtu mmoja alikuwa anacheka peke yake.