Mchimba Mashimo Anayeogopa Shimo Moja

Saa moja asubuhi, nyuma ya nyumba moja mjini Muyinga, mwanamke aliyejifunga kitenge cha njano ameshika kamba kwa mikono miwili na kuinama juu ya shimo. Aliyeko chini haonekani. Anasikika tu: pigo la sururu, kimya, pigo jingine.

"Longino!" anaita.

Kutoka chini ndoo inagongwa mara mbili. Mwanamke anaanza kuvuta.

Hivyo ndivyo wanavyozungumza kazini. Longino, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, huchimba mashimo ya vyoo. Mkewe, Melania, huvuta udongo. Kila baada ya ndoo moja Melania huita, na Longino hugonga. Akiitwa mara tatu bila kugonga, Melania anatakiwa kuiacha kamba na kupiga yowe, kwa maana hewa ya chini imeharibika au ukuta umeporomoka.

Katika miaka kumi na sita ya kazi hii amepiga yowe mara moja tu.

"Kumbe alikuwa amesinzia," anasema Melania. "Mtaa mzima ulikuja mbio. Wengine walikuja na Biblia."

Mwenye nyumba, mfanyabiashara wa vitenge aitwaye Swabra, anatoka jikoni na chupa ya chai. Anachungulia.

"We Longino, iko mita ngapi sasa?"

"Tano na nusu, mama."

"Tano tu? Mi nilifikiri ushatokea Tanzania! Bon, panda unywe chai."

Anacheka peke yake. Kisha anamgeukia Melania na kushusha sauti.

"Iko mutu anasema munahama, munarudi kwenu. Ni kweli?"

Melania anatazama shimo, kana kwamba jibu litapandishwa na ndoo.

Longino alizaliwa kwenye kilima kimoja cha Mutaho, mkoani Gitega. Oktoba 1993, mauaji yalipoanza Burundi, Longino akiwa na miaka tisa, familia yake ilikimbia nyumba na kujificha bondeni, ndani ya mafunjo. Mdogo wake, Jovina, alikuwa na miezi mitano. Alikuwa analia kwa baridi, na kilio chake kiliwatia hofu wengine waliojificha pale. Baba yao, Yakobo, akasema atarudi nyumbani mara moja kuchukua blanketi.

"Ilikuwa mchana kweupe," anasema Longino. "Nilimwona akipanda kilima, amevaa koti lake. Alipofika kwenye migomba sikumwona tena."

Walimngoja siku mbili. Baada ya hapo mama aliwachukua watoto, wakatembea kuelekea mashariki hadi Ngara, Tanzania. Mama alifia kambini mwaka 2001. Longino alikulia huko, akaoa huko, na mwaka 2008 yeye na Melania walirejeshwa kupitia mpaka wa Kobero. Safari yao ilipaswa kuishia Mutaho. Wao waliishia Muyinga.

"Nilimwambia mke wangu tupumzike wiki moja," anasema. "Wiki hiyo sasa ina miaka kumi na saba."

Kwa kila mita hulipwa faranga elfu ishirini na tano, na fedha hiyo inawalisha watu watano na kulipia chumba cha kupanga. Zamani ilitosha. Siku hizi kazi zimepungua mtaani, na kuna mwezi mwaka huu walichimba shimo moja tu. Gitega, kwa upande mwingine, nyumba zinajengwa kila upande tangu uwe mji mkuu wa kisiasa. Mutaho si mbali na huko. Na Mutaho kuna shamba.

Kwa miaka yote hiyo shamba hilo limelimwa na jirani, mzee Bonifasi. Mwaka jana wazee wa kilima, wale wanaoitwa bashingantahe, walikaa na kupatanisha: nusu ibaki kwa Bonifasi, nusu irudi kwa mtoto wa Yakobo, mradi aje kujenga kabla ya mvua za Septemba mwaka huu. Asipojenga, watahesabu kuwa amelikataa.

Mwezi Mei, Longino na Melania walikwenda kuona.

Mafuta yalikuwa adimu, wakalingoja basi siku mbili. Melania anakumbuka kwamba kuanzia Karusi mumewe aliacha kuongea. Gitega walinunua chumvi, sabuni na jerikeni ya urwarwa, pombe ya ndizi, kwa kuwa haiwezekani kwenda kwa mtu mikono mitupu. Kutoka hapo walipanda nyuma ya lori lililokuwa likifuata ndizi, halafu wakatembea kama saa nzima.

Kitu cha kwanza kilichomtisha Longino ni uzuri wa mahali penyewe. Maharage yalikuwa yamekomaa. Watu walikuwa wakisalimia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika mtama alimwuliza yeye ni wa nani, na Longino akajikuta akisema ni mnunuzi wa ndizi.

"Sijui kwa nini nilidanganya," anasema. "Mdomo ulisema wenyewe."

Bonifasi, ambaye amepita miaka sabini, hakuhitaji kuuliza.

"Wewe ni wa Yakobo," alimwambia kwa Kirundi. "Paji hilo ni lake."

Akawapa vigoda. Akamimina urwarwa katika kibuyu, akanywa yeye kwanza, kama desturi inavyotaka, ili mgeni aone hakuna sumu ndani. Melania alidhani hilo lingemtuliza mumewe. Halikumtuliza.

"Nilimtazama koo," anasema Longino. "Nilitaka kuona kama amemeza."

Kisha wakaenda shambani, na huko Longino akafanya kosa ambalo mtu wa kazi nyingine asingelifanya.

Kabla ya kuchimba mahali popote, yeye huchoma ardhi kwa nondo yenye ncha, ya urefu wa mita moja na nusu. Ni kwa ajili ya usalama, kwa kuwa penye choo cha zamani kilichofukiwa mchimbaji anaweza kuzama. Ardhi isiyowahi kuguswa huikataa nondo baada ya kiganja kimoja au viwili. Iliyowahi kuchimbwa huimeza.

"Hata ipite miaka arobaini," anaeleza. "Udongo mweusi ukishachanganyika na mwekundu haujipangi tena."

Hakuna aliyemwomba apime. Ni mazoea tu. Nondo ilikuwa mkononi, amekuja nayo kutoka Muyinga, naye alitaka kujua choo kingekaa wapi, maana ndicho huchimbwa kwanza kabla ya nyumba. Mahali pa kwanza ardhi ilikataa. Pa pili na pa tatu pia.

Pa nne palikuwa karibu na mti wa umuvumu, jamii ya mkuyu, uliosimama peke yake katikati ya mihogo. Kilimani kwao umuvumu hupandwa penye lango la nyumba. Nyumba ya Yakobo haikuwahi kuwa hapo, na mti huo haukuwepo Longino alipokuwa mtoto. Kuuzunguka mti huo palikuwa na majani tu. Mihogo ilikuwa imekomea hatua tatu kabla.

"Niliegemea kidogo," anasema. "Ikaingia karibu yote, ndipo ikagota."

Melania alikuwa amesimama nyuma pamoja na Bonifasi.

"Niliona mgongo wa mume wangu," anasema. "Nimemvutia kamba miaka kumi na sita. Akiogopa najua, hata nisipoona uso."

Longino aliichomoa nondo na kuuliza, kwa sauti ya kawaida kadiri alivyoweza:

"Mzee, hapa mbona hulimi?"

"Kuna mawe," alisema Bonifasi.

Longino akachuma majani, akaipangusa nondo polepole kutoka juu hadi chini. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Kweli, mzee," akajibu. "Ni mawe."

Waliondoka kabla ya adhuhuri. Urwarwa uliobaki waliuacha kwenye jerikeni.

Tangu siku hiyo Longino si mchimbaji yule yule. Katika shimo la Swabra anatoka kila baada ya muda mfupi, anasema anataka maji, lakini maji hanywi. Mita tano na nusu angezimaliza kwa siku nane. Leo ni siku ya kumi na tatu.

"Naogopa kuwa ni baba," anasema, akiwa amekaa ukingoni na chai yake. "Kisha nafikiri, kama si baba, ni nani? Na mzee alijuaje pa kupanda mti?"

Hofu ya Melania ni nyingine. Ana watoto watatu, wa kwanza ana miaka kumi na minne.

"Tukihamia kule watamwamkia yule mzee kila asubuhi," anasema. "Watakula maparachichi yake. Nami kila wakitafuna nitakuwa nawaza. Lakini tukibaki hapa, mwakani chumba tutalipa na nini?"

Mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa Jovina, yule mtoto wa miezi mitano. Sasa ana miaka thelathini na miwili, ameolewa Kabanga, ng'ambo ya mpaka, na huwa wanakutana Kobero siku za Jumamosi. Longino alimweleza wakiwa wamesimama kati ya malori.

"Kaka, msiende," Jovina alimwambia. "Kama ni yeye, alirudi kwa ajili yangu. Kwa nini sikunyamaza mimi? Ningenyamaza tu."

"Ulikuwa mtoto, Jovina."

"Ningenyamaza tu."

Alilia kwa sauti, hata mbadilisha fedha mmoja akasogea kuuliza kama wametapeliwa.

Wiki mbili baadaye simu iliita. Longino alikuwa chini shimoni, na simu huwa anaishika Melania. Ilikuwa namba asiyoijua. Aliyekuwa akizungumza ni Bonifasi, kwa simu ya kuazima, na hakusalimia.

Melania anayakumbuka maneno yake yote.

"Mwambie mtoto wa Yakobo nilimwona alivyoipangusa ile nondo. Aje kabla ya mvua. Nitawaita bashingantahe, nami nitasema nilichokiona na nilichokifanya, mbele yao. Na aje na blanketi. Mimi sikuwa na kitu cha kumfunika."

Simu ikakatika. Melania alibaki ameishika sikioni. Chini ya shimo ndoo ikagongwa mara mbili. Ikagongwa tena. Kwa mara ya kwanza tangu waanze kazi hiyo, Longino ndiye aliyekuwa akiita bila kujibiwa.

"Alipanda mwenyewe kwa mikono, akishika ukuta," anasema Melania. "Alidhani mimi ndiye nimepatwa na jambo."

Longino anasema hakuna mtu wa Mutaho aliyewahi kuambiwa habari ya blanketi. Huenda mzee alitamka neno hilo kama linavyotamkwa kwa maiti yeyote. Huenda mchana ule alikutana na Yakobo kwenye migomba, akamwuliza anafuata nini, akajibiwa. Kati ya mambo hayo mawili, Longino hajui lipi limtishe zaidi.

Alimpigia Jovina kumpa habari. Jumamosi iliyofuata mpagazi mmoja alimkabidhi Longino kifurushi kutoka kwa Jovina pale Kobero. Ndani mlikuwa na blanketi jipya la kijivu, bado limo kwenye nailoni yake.

Sasa liko juu ya kabati, katika chumba chao cha kupanga. Watoto wamekatazwa kuligusa, na hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini.

Mpango ni kusafiri mwezi Agosti, shimo la Swabra likiisha. Juu ya kuhama, Longino hajaamua.

"Nitamsikiliza mzee mpaka amalize," anasema. "Akisema jambo ambalo naweza kuishi nalo jirani, nitajenga upande wa barabara, mbali na ule mti, na watoto watasoma huko. Akisema lile lingine, nitamchukua baba nirudi naye hapa, na shamba libaki lilipo. Lakini kwanza nimtoe."

Ameshapiga hesabu ya kazi, kama afanyavyo kwa kila mteja. Kwa jinsi nondo ilivyoingia, shimo hilo halifiki mita moja na nusu. Yeye huingia mita nane.

"Nimemwambia Melania aje na kamba," anasema. "Amenicheka. Ameniambia, shimo la namna hiyo kamba ya nini, nitakuwa nakuona kichwa na mabega. Nikamwambia wewe shika tu."

Anaweka kikombe chini, anageuka, anatafuta kwa mguu tundu la kwanza ukutani.

"Shika," anarudia, tayari nusu yake imo ndani, "na uwe unaniita."