Mwanamke wa Jiwe Nyumbani kwa Nyasani

"Hilo jiwe litoke kabla mgeni hajafika!" Esnah akasema, mikono kiunoni. "Tulitupe nyuma ya choo."

"Dada, huyu haendi popote," akajibu Nyasani.

"Huyu! Sasa limekuwa huyu!"

Mgeni mwenyewe alikuwa Nyangate, mjane mchuma chai wa Itumbe. Esnah alikuwa amemsifu kaka yake mbele ya mjane huyo mpaka ulimi ukakauka, akaficha jambo moja tu: mwanamke wa jiwe aliyeketi karibu na jiko. Nyasani naye alimtaka Nyangate. Asubuhi alikwenda Marani kununua kikombe cha pili, maana nyumba nzima ilikuwa na kimoja.

Mkono wa Nyasani, wanangu, haukuwa wa kawaida. Mwaka wa uhuru alichora ng'ombe ukutani mwa bucha pale Nyakoe, ng'ombe mzuri hata fahali wa jirani akabomoa ukuta akimtafuta. Ukibisha, waulize mbwa waliokula nyama iliyomwagika! Baadaye akashika patasi na mawe laini ya Tabaka, akawa anachonga sanamu za viboko wa mtoni za kuuzwa dukani kwa Gulled, mjini Kisii. Kiboko leo, kiboko kesho. Akachoka. Akaanza kuchonga watu warefu wasio na macho, wenye tundu kifuani linalopitisha mkono.

Gulled alimgeuza mmoja juu chini. "Mzee, huyu ulimwacha njiani kabla hajaiva?"

Hakununua. Majirani wakaja kuwacheka watu hao wa mawe, boma likajaa. Kisha hata kucheka kukawachosha, na njia ya kwa Nyasani ikaota nyasi. Jioni akawa anamwambia yule wa jikoni, "Leo mvua imechelewa," halafu anangoja kidogo, kama mtu anayengoja kujibiwa.

"Akiuliza hilo tundu ni la nini?" Esnah akadai.

"Nitamwambia ndivyo nyumba hii ilivyo jua likizama."

"Mwana wa mama, mwanamke hakuvuka milima kuja kuambiwa habari za jua! Atakimbia, nawe utazeeka ukipikia jiwe ugali."

"Akimkimbia huyu, amenikimbia mimi. Heri ajue leo."

"Na ukibaki peke yako?"

"Nimezoea."

Uongo huo hata jiko halikuuamini. Esnah alimtazama kaka yake, huruma ikamwingia, na huruma ya Esnah siku zote hutoka kama hasira. Akalikaba jiwe shingoni, akavuta. Nyasani akalikumbatia kiunoni.

"Liachilie!"

"Achilia wewe, dada! Utamvunja!"

"Heri nimvunje yeye kuliko wewe uvun—"

Mlango ukasukumwa. Nyangate alisimama pale na kikapu cha ndizi mkononi, mwavuli ukimtiririshia maji miguuni.

Esnah akaachilia. Nyasani hakuachilia.