Uta Mrefu wa Mjomba

Jirani yangu hapa Mchinga aliingia asubuhi moja kuomba kaa la moto, akaona mti mrefu umelala mshazari sakafuni, akaniuliza kwa utani tangu lini nimenunua mtumbwi. Alidhani ni upondo. Nikamwambia si upondo, ni uta. Akanitazama.

"Uta si yale mafuta ya ufuta?"

Nikasema ndiyo, hata hayo huitwa uta, lakini huu ni ule wa mishale. Akachukua kaa lake akaenda. Mimi nikabaki nimekaa, chai ikachemka ikamwagikia moto, wala sikuinuka.

Tulilelewa Rutamba, kaka yangu na mimi, nyumbani kwa bibi mzaa mama. Kaka alinizidi umri kidogo tu. Mwanaume wa nyumba ile alikuwa mjomba, na kwa watu wa mama yetu mtoto ni wa mjomba wake. Mjomba ndiye anayekukanya, ndiye anayekununulia nguo, na siku akifariki vitu vyake huchukuliwa na mpwa wake. Hatukufundishwa jambo hilo. Tulizaliwa tukalikuta.

Mpunga ulipoanza kuiva tulihamia shambani, tukalala kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia shamba. Mchana tulipiga debe kufukuza ndege mpaka masikio yakaziba. Bibi alikata masuke mabichi, akayakaanga kwenye chungu na kuyatwanga yangali moto, tukala pepeta na nazi huku makapi yakitunasa shingoni. Jioni ilikuwa zamu ya nguruwe, na kuwafukuza hao ilikuwa kazi ya mjomba.

Uta wake ulikuwa wa mti wa mkole, mviringo, umenyooka, urefu wake sawa na yeye mwenyewe. Mahali pa kushika aliviringisha ngozi ya kenge. Ugwe ulikuwa wa ngozi ya swala iliyosokotwa, na alipouachia ulitoa sauti nzito ya chini, kama mtu anayeguna usingizini. Mshale ulivuka shamba zima. Sisemi kwamba ulikuwa hauna kasoro. Mvua ikinyesha ugwe ulilegea, mjomba akakaa anauanika juu ya moshi na kununa kama mgonjwa. Na ulikuwa mgumu. Kaka alijaribu kuuvuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, nao ukajikunja kiasi cha kidole tu.

Baba yetu alikuwa mtu wa Njinjo. Kwao uta waliuita upinde, nami utotoni niliamini uta na upinde ni vitu viwili, kama mbuzi na kondoo, kwa sababu wa baba haukufanana na wa mjomba hata kidogo. Wake ulikuwa mfupi, wa mti wa mtalawanda, umechongwa bapa, ncha zake zimepinda kidogo kwenda mbele. Kwao kuna vichaka vingi, na uta mrefu hunasa kwenye matawi. Zilikuwa enzi za ruksa. Maduka tuliyoyazoea yakiwa na rafu tupu yalianza kujaa sabuni na kandambili, na baba akaingia kwenye biashara ya mitumba, akawa anaonekana kwetu mara chache. Safari moja alikuja na upinde wake umefungwa ugwe mpya wa nailoni, wa buluu. Haukujali mvua. Ukigongwa kwa kidole ulilia kwa sauti nyembamba, na kaka hakulala vizuri kwa kuuwaza.

Kisha mama akafa.

Baada ya arobaini baba akarudi, safari hii akitaka mwanawe wa kiume. Mjomba akasema mtoto ana kwao. Wakakaa kibarazani na wazee wa pande zote mbili, chai ikamiminwa, maneno yakaenda na kurudi, na kila mmoja alikuwa na haki kwa desturi ya kwao. Mimi sikutajwa. Mtoto wa kike ilijulikana atabaki na bibi. Mwishowe sijui nani alitoa wazo lile. Nadhani waliona haya kumuuliza mtoto kwa mdomo, mbele ya watu, kati ya baba yako na mjomba wako unamtaka nani. Wakaleta nyuta zao mbili, wakaziegemeza ukutani, wakamwita kaka.

Walikuwa wanataniana, kama mashemeji. Mjomba akasema upinde wa shemeji yake unafaa kuwindia panya. Baba akajibu kwamba uta wa shemeji yake unafaa kuanikia nguo. Watu wakacheka.

Mjomba akamwambia kaka, "Haya, baba. Shika unaoutaka."

Bibi alikuwa mlangoni akimenya muhogo. Hakuinua kichwa. "Mtoto hajui anachoulizwa," alisema.

Kaka aliuendea kwanza ule mrefu. Alisimama mbele yake, ukampita kwa mbali, akapapasa ile ngozi ya kenge. Akajaribu kuuvuta mara moja tu, akaona aibu. Halafu akauchukua ule mfupi, akauvuta mpaka sikioni bila taabu, akatia mshale na kupiga papai bichi uani, likaanguka. Watu wakapiga makofi. Alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni pake tangu tulipomzika mama. Alinitazama mimi kwanza.

Ungeniuliza siku ile, hata mimi ningechukua huo. Ulikuwa upinde mzuri.

Alielewa kesho yake asubuhi, alipoona bibi anamfungia nguo zake kwenye kanga. Akaacha uji. Akaenda kwa mjomba, akauweka upinde miguuni pake na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayerudisha chungu cha jirani, "Mjomba, nimebadili. Naomba ule mrefu."

Mjomba alikuwa ametoa kauli mbele ya wazee. Aliuokota upinde, akamrudishia mkononi, akamfunika vidole.

"Nenda na baba yako, mwanangu. Mkono ukikomaa utauweza ule."

Wakaondoka. Kaka hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikaambiwa ninyamaze.

Kutoka Rutamba hadi Njinjo si mbali kwa mtu mwenye gari. Kwetu ilikuwa mbali, na masika barabara ilikatika. Tulionana kwenye misiba. Bibi alipofariki kaka alikuja, sauti imekwisha kuwa nzito, akaniamkia kama mgeni. Mjomba alipofariki hakupata habari mapema, akakuta tumekwisha zika. Akauliza uta uko wapi. Ikabidi aambiwe ukweli: miaka ile walipita watu wa mjini wakinunua vitu vya kale, vinu, vigoda, ngoma zilizopasuka, na mjomba akiwa kitandani mkewe aliutoa apate pesa ya dawa. Uliondoka nyuma ya gari, juu ya vinu. Kaka akasema sawa. Akanawa mikono, akala wali wa msiba pamoja na wenzake.

Mwaka huu nimemzika yeye, Njinjo.

Siku ya kuagana wifi yangu alipanda juu ya kitanda, akashusha darini mti mrefu umefungwa kwa gunia. Aliufungua polepole. Mkole, mviringo, umenyooka. Ngozi ya kenge katikati. Ugwe wa swala, umesokotwa. Alisema marehemu aliuchonga mwenyewe, bila kipimo, na aliusia upewe mpwa wake, yaani mwanangu. Niliuliza kama aliwahi kuutumia.

"Hakuweza," wifi akasema. "Kila mwaka aliujaribu. Alikuwa anasema mkono bado."

Niliusimamisha uani ndipo nikaona. Uta wa mjomba ulikuwa kimo cha mtu mzima. Huu wa kaka unampita mtu mzima kwa mkono mzima, na mnene kwa kadiri hiyo. Aliuchonga kama alivyouona siku ile kibarazani. Hakuna mtu aliyezaliwa anayeweza kuuvuta.

Nilimpigia simu mwanangu, anapanga chumba Dar es Salaam. Akasema kwa adabu, "Mama, huku hata mlangoni hautapita."

Ni kweli. Hata kwangu umelala mshazari. Nikifagia nauinua kwa mikono miwili, nafagia chini yake, naurudisha. Siku hizi nguruwe hufukuzwa kwa namna nyingine, na watoto wa hapa wakisikia uta wanawaza chupa ya mafuta. Wakati mwingine, kabla sijaurudisha, nausimamisha wima uani, nasimama mbele yake. Unanipita kama ule ulivyompita kaka.